Koko Alipopiga Hodi Ziwani

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ile ambayo Koko, bibi yangu, alisimama mbele ya nyumba iliyozama ziwani, maji yamemfika kiunoni, ufagio mkononi, akapiga hodi. Na nyumba ikaitika: "Karibu."

Usikimbie bado. Kaa chini. Najua unajiuliza ni mzee gani huyu anayekuita mwanangu huku bado anavaa shati jeupe na suruali ya bluu, na juzi tu amepigishwa magoti mbele ya darasa kwa kuiga mwendo wa mwalimu wa hisabati. Uzee si ndevu. Mbuzi ana ndevu tangu ujana wake na sijaona mtu akimfuata kwa nasaha. Mzee ni yule aliyewahi kufungasha vyombo vyake akaondoka mahali ambapo hakutaka kuondoka. Kwa kipimo hicho mimi ni babu yako. Na wewe unayemaliza shule kesho kutwa, unayewaza kama ukakae kwa mjomba Luberizi kwenye mpunga, au Kamanyola kwenye biashara ya mpakani, au upange chumba hapa Uvira na rafiki anayekoroma, sikiliza kwanza habari ya ufagio.

Tulikuwa na nyumba upande wa Kavimvira, karibu na ufuko. Papa, yaani baba yangu, ni mwashi, watu wanamwita Fundi Elia, na nyumba hiyo aliijenga kwa mikono yake kabla sijazaliwa, akamleta humo mama yake, yaani Koko, na baadaye mama yangu. Wakati huo ziwa lilikuwa mbali kiasi kwamba kutumwa maji ilikuwa adhabu. Kisha likaanza kusogea. Halikuja na kelele, mwanangu. Lilikuja kama mgeni anayesema anapita tu kusalimia. Msimu mmoja likalowesha choo. Msimu mwingine likameza bustani ya mboga zetu za lengalenga. Halafu likaingia sebuleni, likakaa. Tukainua vitanda juu ya matofali, Mama akawa anapika miguu yake ikiwa majini, na mimi nikawa navua samaki wadogo chini ya meza badala ya kufanya kazi za shule. Mtu huzoea. Hilo ndilo la kutisha kuliko yote katika habari hii, na bado sijafika penye kutisha.

Asubuhi moja Papa aliamka na uso wa majivu. Hakunywa chai. Akasema neno moja, "Twende," akapanda juu ya paa, akaanza kung'oa mabati. Kabla jua halijakaa kichwani tulikuwa tumeshapakia kila kitu kwenye mkokoteni. Nyumba ikabaki nyuma yetu kichwa wazi, mlango wake umefungwa kwa ufunguo, kana kwamba mwizi wa Uvira ni mtu wa adabu, hawezi kupitia juu.

Koko akakataa kuondoka.

"Elia, nyumba haijafagiwa."

"Mama, nyumba iko mu mai. Utafagia nini? Samaki?"

"Haijafagiwa, na hatujaiaga."

Kwa Koko, nyumba haiachwi kama ganda la muhogo. Unaifagia kuanzia chumba cha ndani mpaka kizingiti, halafu aliyeijenga anasimama mlangoni anaiaga kwa jina lake mwenyewe. Usipofanya hivyo, anasema Koko, nyumba haijui kwamba umehama. Itaendelea kukungojea. Na kitu kinachongojea sana, mwishowe huanza kuita.

Mimi nilicheka. Papa alimshika mama yake mkono, tukaenda.

Kanisa likatupa darasa moja la kujihifadhi, na Papa akaanza kutafuta nyumba ya kupanga. Komisioneri wake, yaani dalali wa nyumba, kijana mmoja mwenye viatu vilivyochongoka kuliko akili zake, alitupandisha njia ya mguu hadi juu kabisa, mlimani nyuma ya mji, mpaka Mama akauliza kama tunahamia Uvira au mbinguni. Nyumba ilikuwa huko peke yake. Nzuri, sitasema uongo: msingi wa mawe, sakafu ya saruji laini, vyumba vyenye milango inayofunga. Papa alipiga ukuta kofi, kama mchungaji wa kule juu anavyompiga ng'ombe aliyenona. Akapiga ukuta mwingine. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuhame.

"Hapa ukuta upo," akasema.

"Papa Fundi, hapa mai haitafika," komisioneri akaapa. "Mai ikifika hapa, Bujumbura yote imekufa."

Ndivyo tulivyochagua. Hakuna aliyeuliza swali jingine. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulifungua, tukaingia ndani, na bado hatukuona kitu, kwa sababu tulikuwa tunaangalia nyumba na hatukujiangalia sisi tutakaoishi humo.

Kosa la nyumba ile lilikuwa ukimya. Sijui nikueleze vipi. Uvira hakuna ukimya: ukilala unasikia ziwa, ukiamka unasikia ziwa, katikati unasikia redio ya jirani. Kule juu hapakuwa na kitu. Ukiweka kikombe mezani unashtuka. Mchana kweupe ungeweza kusikia mate yako yakishuka kooni. Mama ananunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi alfajiri na kuwauza sokoni, na zamani alikuwa anaimba tangu kitandani. Sasa alishuka kilima giza likiwa bado nene, akafika ufukweni, akakuta wanawake wengine wameshachukua ndagala wazuri na kumwachia waliovunjika. Alirudi jioni hana sauti. Sikumsikia tena akiimba, na sikugundua kwamba simsikii. Ndivyo ukimya unavyokula, mwanangu. Haukwambii umekula nini.

Na Koko? Macho ya Koko yaliingia ukungu zamani. Lakini kule chini hukuweza kujua kuwa haoni, kwa sababu alitembea kwa masikio. Ziwa likiwa mkono wa kushoto, jiko liko mbele; ziwa likiwa mgongoni, choo kiko hapo. Ziwa lilikuwa ndiyo fimbo yake. Kule juu tulimnyang'anya fimbo hiyo tukamwambia apumzike. Akaanza kugonga kuta. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye kona ya chumba, uso ukutani, anazungumza na Mama kuhusu chumvi, na Mama yuko sokoni. Ile sauti yake ya kawaida kabisa ndiyo iliyonisimamisha nywele.

"Koko, uko unaongea na nani?"

"Na mama yako."

"Hayupo."

Mkono wake ukapapasa saruji. "Basi ni nani aliyekuwa ananijibu?"

Niambie wewe, ungesema nini? Mimi nilisema labda ni ukuta, maana Papa anausifu sana, umeanza kujiona mtu. Koko alicheka. Huniita bwana yake, kama bibi wengi wa huku wanavyowatania wajukuu, na mimi humwita mke wangu nikimlalamikia kuhusu chakula. Lakini kicheko kilipoisha alipindisha kichwa.

"Bwana yangu, weye unasikia?"

"Nini?"

"Kuna muntu anafagia."

Nikasikiliza ili nimdhihaki. Na hapo ndipo, mwanangu, ungependa nikuambie kwamba sikusikia kitu. Nilisikia. Mbali sana, chini sana, shaa... shaa... kama ufagio wa majani juu ya sakafu iliyolowa. Nilijiambia ni upepo kwenye mikaratusi. Mikaratusi ilikuwepo, nakiri. Upepo haukuwepo.

Baada ya hapo nikaanza kuona vitu. Jioni, Koko alipokuwa amekaa kitandani kama mtoto mtiifu, pindo la kikwembe chake, kitenge anachojifunga, lilikuwa limelowa. Kilima chote hakina maji. Ya kwetu tunapandisha kwa bidoni za plastiki kichwani mpaka shingo inapinda. Ufagio wetu, uliokuwa nyuma ya mlango, nao ulikuwa umelowa, na ulinuka ziwa. Nilimwambia Mama. Mama alisema nimwache apumzike. Nilimwambia Papa. Papa aliposikia neno maji aligeuka akaenda kupiga ukuta kofi.

Basi alasiri moja nilirudi shuleni mapema, tuseme walimu walikuwa na mkutano, tusiulizane sana, nikakuta kitanda cha Koko kitupu na nyuma ya mlango hakuna ufagio. Mke wangu alikuwa ametoroka.

Nilishuka kilima mbio. Sikuhitaji kuuliza njia. Asiyeona, akitaka kwenda ziwani, anafuata mteremko tu mpaka masikio yake yapate kazi, na akirudi anaupanda huohuo. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa utulivu uliozidi kunitisha: "Koko mwenye ufagio? Ee, amepita, kama kila siku." Kila siku! Mji mzima ulikuwa unamjua bibi yetu anakwenda wapi, isipokuwa sisi tuliolala naye nyumba moja.

Sasa fikiria ufuko wetu wa zamani. Umewahi kuuona wakati jua linataka kuondoka? Nyumba zinasimama ndani ya maji hadi kwenye madirisha, bila paa, bila watu. Mstari wa nguzo za umeme unaingia ziwani kama watu wanaokwenda kubatizwa ambao mchungaji alisahau kuwarudisha. Maji yanaingia kwa mlango huu, yanatoka kwa dirisha lile, na kila yanapopita kwenye chumba yanafanya sauti ya mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Wengi walioishi pale hawapiti pale. Mimi mwenyewe sikuwa nimerudi.

Nikamwona. Alikuwa ameshaingia, maji kiunoni, kikwembe kimetanda nyuma yake juu ya maji. Anafagia. Anafagia ziwa, mwanangu, polepole, kwa ufundi, kama anavyofagia sebule siku ya Jumapili, na maji yanafunguka mbele ya ufagio na kufunga nyuma yake. Akafika kwenye mlango wetu, ule uliofungwa kwa ufunguo. Akaupiga kwa kiganja.

"Hodi!"

Na kutoka ndani ya nyumba isiyo na paa, isiyo na watu, iliyojaa maji, sauti ya mwanamume ikasema kwa upole:

"Karibu, Koko."

Mimi huwa najigamba shuleni kwamba siogopi kitu. Nilitaka kupiga kelele, nikatoa sauti kama ya kuku anayekanyagwa.

Hapo kikatokea kichwa juu ya ukuta wa chumba cha Papa na Mama. Kichwa chenye kofia ya bluu iliyotoboka. Alikuwa Sadiki, jirani yetu wa zamani ambaye nyumba yake ilizama karibu na yetu, amekaa juu ya ukuta kama kunguru, mshipi wa kuvulia mkononi, anavua ndani ya chumba cha kulala cha wazazi wangu.

"Sadiki! Kumbe ni weye njo unaitika?"

"Sasa muntu mzima akipiga hodi nimujibu nini? Nimwambie hakuna muntu?" Akavuta mshipi, samaki mdogo aking'aa. "Kila siku anakuja, anafagia, anapiga hodi, namwambia karibu, anasema ahsante, anaenda. Minye nilifikiri munajua."

Hapo nikakumbuka Mama alikuwa ananunua samaki kwa Sadiki. Tulikuwa tumekula, kwa hamu, samaki wa chumbani kwetu.

Ningecheka, lakini upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, na mawimbi yalikuwa yanaingia kwa madirisha sasa kwa nguvu. Sadiki aliangalia mbali, mzaha ukamtoka usoni. "Mtoe. Leo amechelewa. Jana mamba alipita hapa katikati, na yeye hakupiga hodi."

Niliingia majini. Nilimshika Koko mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na imara kama mlingoti.

"Mke wangu, twende nyumbani."

"Niko nyumbani," akasema. "Hii nyumba inamuita Elia, na Elia hajaja. Inaita minye sababu minye njo nasikia. Mpaka Elia aje aiage, siendi."

Wimbi likampiga mgongoni, akayumba, hakuachia kitasa. Nilivuta, unaweza kumvuta ng'ombe wa Luberizi kwenye matope, Koko huwezi. Nikampigia Papa simu kutoka kwenye simu ya Sadiki, nikamwambia maneno mawili tu, Koko na ziwa, na simu ikakatika upande wa pili.

Alikuja kwa pikipiki, mavumbi ya saruji bado kwenye nywele. Mama akafika nyuma yake mbio, beseni la ndagala kichwani. Papa akakimbia hadi ukingoni mwa maji. Akasimama.

Nataka uone hapa vizuri, kwa sababu mimi sikuona vizuri. Papa ni mtu wa kuinua jiwe la msingi peke yake. Mama yake alikuwa majini, mawimbi yanampiga, na giza lilikuwa linakaribia. Na Papa hakuingia. Aliinua mguu, akaurudisha. Akauinua tena. Akaurudisha tena.

"Elia," Koko akaita, uso wake umeelekea mahali asipokuwapo. "Juu ya nini unasimama tu, hauingii?"

"Siwezi, Mama."

"Nini iko mu mai?"

Papa akasema. Alisema akiangalia mchanga. Ile asubuhi ya kuhama alikuwa amelala, mkono umening'inia nje ya kitanda. Akaamka kwa sababu kitu kilikuwa kinamnyonya kidole. Polepole, kwa upole, kama mtoto mchanga. Alikaa hivyo muda mrefu bila kuthubutu kuvuta mkono, kwa sababu hakujua kilichokuwa upande wa pili wa kidole chake. Tangu siku hiyo hawezi kufumba macho akisikia maji. Ndiyo maana alitupeleka mahali ambapo maji hayasikiki.

Nikacheka. Nisamehe, mwanangu, lakini Fundi Elia mzima, kukimbizwa mlimani na kasamaki kasikokuwa na meno! Sadiki naye akacheka juu ya ukuta. Mama hakucheka.

"Cheka, bwana yangu," Koko akasema kutoka mlangoni, bila hasira. "Cheka umalize. Halafu uniambie: umekaa kule juu na baba mwenye hofu, na mama aliyeacha kuimba, na bibi anayeongea na kona. Umeona nani? Meno uko nayo mingi. Macho uliweka wapi?"

Kicheko changu kilikufa hapo hapo, hakikupata hata mazishi.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Na weye, Elia, ulitutafutia ukuta. Nani alikuomba ukuta? Ulikuwa unakimbia, na muntu anayekimbia hachagui mahali. Anaanguka tu, halafu mahali alipoanguka anapaita nyumbani. Hukuniuliza nahitaji nini. Hukumuuliza mke wako. Na weye mwenyewe hukutuambia. Njoo, niko nachoka."

Hapo, mwanangu, Papa aliingia ziwani. Aliingia macho yamefumbwa, akinong'ona, sijui alikuwa anasali au anatukana. Mimi nilimshika upande mmoja, Mama akatua beseni akamshika upande mwingine, tukaingia kwa mlango wetu wenyewe, ule ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwake. Akachukua ufagio. Alifagia chumba cha ndani, ambako Sadiki aliinua miguu yake ukutani kwa heshima, akafagia sebule, akafika kwenye kizingiti, ambacho ni lazima ukitafute kwa vidole vya miguu. Akasema:

"Minye Elia niliyekujenga. Tumehama. Usitungoje."

Mawimbi yakanyamaza. Si sana. Kiasi cha mtu kumeza mate. Sadiki anasema upepo uligeuka. Mchana, na mimi nasema hivyo; usiku sina hakika.

Papa akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, akaubeba mgongoni kama kobe, tukatoka. Koko alitembea mbele yetu ziwa likiwa mkono wake wa kulia, bila kushikwa na mtu.

Hatukurudi kulala kule mlimani ila kwa muda wa kutafuta upya. Na safari hii, kabla ya kumwita komisioneri, Koko alituketisha akauliza kila mmoja swali moja, na swali hilo ndilo urithi wangu kwako: kitu gani kikikosekana utachukua ufagio utoroke? Hakuuliza unapenda nini. Kupenda kuna mwisho wake, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Aliuliza cha kukutorosha.

Mama akasema, akikosa kufika kwa wavuvi kabla ya wengine. Koko akasema, akikosa kusikia ziwa. Papa akasema, akisikia ziwa. Tukatazamana. Mimi nikasema, nikikosa umeme na mtandao. Koko akaniuliza kama nilitoroka kule mlimani ambako havikuwepo. Kumbe yangu ilikuwa tamaa. Nilipofikiri vizuri nikasema, nikikosa watu wa kuchekesha. Wakacheka, na Koko akaikubali.

Nyumba tuliyoipata, mwanangu, ni mbaya. Papa alipoiona alitaka kulia: matofali hayakupigwa lipu, ukuta umepinda kama mwenye kunywa, na mbuzi wa mwenye nyumba wanadai baraza ni lao. Lakini imekaa palipoinuka, kando ya barabara kubwa. Chumba cha nyuma kinatazama ziwa, na upepo unaleta sauti yake hadi kitandani. Humo analala Koko. Chumba cha mbele kinatazama barabara, na malori ya kwenda Bukavu yananguruma pale mpaka vikombe vinacheza. Humo Papa analala kama jiwe, anakoroma kwa amani. Mama anafika ufukweni wa kwanza. Ameanza kuimba tena, na sasa natamani kidogo anyamaze. Umeme unapita juu ya paa letu kwenda kwa watu wengine. Nachaji simu kwa kinyozi, ambaye ana wateja wengi wasio na haraka, na wote wanacheka vizuri.

Mlango ule Papa aliuweka kwenye chumba cha nyuma, ufungukie nje. Haujakauka mpaka leo. Kila jioni, upepo wa ziwa ukianza, unagonga kidogo kwenye fremu, ko, ko, na Koko kutoka kitandani anasema, "Karibu." Nilikuwa namtania kwamba ana bwana mwingine. Siku moja ukagonga, Koko akiwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Nikaenda kufungua. Nje hapakuwa na mtu. Lakini kizingiti kilikuwa kimelowa, na vumbi la barabara lililokuwa pale tangu asubuhi lilikuwa limefagiwa, mistari ya ufagio imekaa sawasawa kama nywele zilizochanwa. Ufagio wetu ulikuwa nyuma yangu, umekauka.

Papa alikuja akasimama begani kwangu. Aliangalia maji yale kwenye kizingiti kwa muda. Nilisubiri akimbie. Akasema, "Karibu," akarudi kula bugali wake.

Sasa chukua nasaha yako uende nayo. Usichague mahali pa kuishi ukiwa unakimbia, maana aliyeruka mkojo huku anatazama nyuma ndiye anayekanyaga mavi. Kwanza simama uiseme hofu yako kwa sauti, hata kama ni ya samaki; hofu isiyosemwa ndiyo itakayokuchagulia nyumba. Usipige ukuta kofi kabla hujajua wewe ni nani ndani ya ukuta huo. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, kwa hiyo mkiwa wengi, mwulize kila mmoja cha kumtorosha, na usikilize hasa yule asiyesema. Binamu yangu alichagua Lemera, kwenye baridi na njia za miguu, na watu wakamcheka. Yeye alitaka kuuguza wagonjwa, na mahali hapo ndipo wagonjwa wanapokwenda. Analala vizuri kuliko waliomcheka. Usiige chaguo lake. Iga alivyojiuliza. Na siku ya kuhama, hata kama unahama chumba cha kupanga chenye kunguni, kifagie, kiage kwa jina lako. Sitakueleza tena kwa nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mahali ambapo sauti unayoihitaji inakufikia na ile unayoiogopa inakoma mlangoni. Usiku ukugeuze ubavu bila kukuamsha, mkono wako ukining'inia nje ya kitanda ukutane na hewa tu. Na popote utakapopiga hodi, akuitikie mtu unayemjua.